Kujibu kwa Mbali

Ka-ka-ka. Ka-ka-ka. Ubao juu ya ubao. Sauti ile ningali nayo masikioni. Hata leo fundi akigonga kitanda mahali fulani Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, nageuza kichwa, halafu najicheka mwenyewe. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kavu, kama kuku mkubwa anayedonoa mlango. Lakini ndiyo iliyotuambia kwamba saa kumi na mbili ya asubuhi imefika, kwamba padri mzee bado yuko hai, na kwamba misa yake iko karibu kuanza.

Zamani kulikuwa na kengele. Kapela ya padri, kanisa dogo, ilikuwa nyuma ya nyumba yetu kabisa. Kati yetu na ukuta wake kulikuwa na kinjia tu, chembamba hivi kwamba mtu mwenye ndoo mbili za maji anapita kwa ubavu. Vita ilipoingia mjini, na askari wa nchi zingine wakaja kukaa kwetu kama wageni ambao hakuna aliyewaita, asubuhi moja walifika pale na kumwambia padri kwamba kengele yake inawapa adui alama. Padri akawauliza, alama gani? Hawakujua. Wakaifungua kamba ya kengele, wakaikunja vizuri, wakaenda nayo. Mama alisema walikuwa wanatafuta kamba tu.

Kesho yake padri akautoa ule ubao. Ni chombo cha Wiki Takatifu: kuanzia Alhamisi Kuu kengele zote za kanisa zinanyamaza mpaka Paska, na badala yake wanagonga ubao kwa nyundo ndogo ya mti. Makanisa mengi hata hayana tena. Yeye alikuwa nao, na akaanza kuugonga kila siku ya Mungu. Jirani yetu mmoja, kijana wa toleka, ndio wale wanaobeba watu kwa baiskeli, akasema kwa sauti ili padri asikie:

"Bon, kwa mon père sasa kila siku iko Ijumaa Kuu. Paska itafika mwaka gani?"

Padri akamjibu bila kugeuka: "Itafika siku weye utaingia kanisani."

Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, vita ilipofunga mambo. Nilikuwa nakaanga mikate na mama, ile ya mviringo ya kutosa ndani ya mafuta, na kichwani nilikuwa naishi mahali pengine. Ndege za wafanyabiashara wa Kivu zilikuwa zinapita juu yetu zikileta unga, maharage na sabuni, na mimi nilijiona ndani, nimevaa jupe, sketi ya bluu, nikimwambia mtu afunge mkanda. Mama alikuwa ananipiga na kijiko cha mti kwenye mkono: "Shuka kwa ndege, mikate inaungua." Nilishuka, nikacheka. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka sana miaka ile. Labda sababu wengine hawakuweza.

Padri huyu, watu walimwita Padri wa Mugongo. Si kwa ubaya wote. Alisoma misa ya zamani, ya Kilatini, uso kwa madhabahu na mgongo kwa watu, sauti chini, sutani nyeusi mpaka kwenye viatu hata jua likiwa kali. Hakukuwa na ngoma wala makofi. Kwenye parokia kubwa watu walikuwa wanacheza mpaka mavumbi yanapanda; kwake ungesikia mjusi akitembea kwenye paa.

Maisha yake alinisimulia kidogo kidogo, siku za kupiga pasi vitambaa vya altare. Mama alikuwa na pasi ya makala, yaani makaa ya moto, kwa hiyo kazi ile ilikuwa yetu. Yeye alikaa kwenye kiti chake, akichambua mchele, nami nikipiga pasi. Alizaliwa Yanonge, kule chini ya mto, kwa wavuvi. Baba yake alitaka avute nyavu. Lakini alipokuwa mdogo padri mmoja mzungu alipita kwa pirogue, mtumbwi wetu, akasoma misa ndani ya hangar, banda la samaki, na yeye akasimama nyuma akisikia maneno ambayo hakuyaelewa hata moja.

"Mutu anaweza kupenda kitu hasikii?" nilimuuliza.

"Mama yako alikuimbia ukiwa kwa matiti. Ulisikia nini?"

Nikaendelea na pasi.

Akaenda seminari, akasoma miaka mingi, akapewa upadri. Walimpeleka upande wa Banalia, akawa anatembea vijiji kwa miguu, sanduku la misa juu ya kichwa chake mwenyewe, maana hakupenda mtu mwingine alibebe. Uasi wa zamani ulipopita alijificha porini na katekista wake, wakila mihogo mibichi, na hapo pia, alisema, alisoma misa juu ya gogo. Halafu Kanisa likabadilisha misa. Lugha za watu zikaingia, ngoma ikaingia, padri akageuzwa kuangalia watu. Wenzake walifurahi, na yeye alisema walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini yeye mdomo ulikataa.

"Nilijaribu," aliniambia. "Nilisimama mbele ya batu, nikawaona macho. Nikasahau niko nasema na nani."

Basi wakubwa wake, ili wasigombane naye na ili yeye asigombane nao, wakampa kakapela ka Mangobo, kalikojengwa na wafyatua matofali wa zamani, wakamwacha. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsifu. Alizeeka hapo. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu: tangu apewe upadri, misa yake haijakatika. Homa, mvua, uasi, safari, haikukatika. Alilisema bila kujivuna, kama mtu anavyosema sijawahi kulala nje ya nyumba yangu.

Sasa, misa ile ina sheria. Padri hawezi kuisoma peke yake kama mtu anayeimba bafuni. Lazima awepo mtu wa kumjibu. Padri anasema, mtu anajibu. Bila jibu, haanzi. Na aliyekuwa anajibu alikuwa papa mmoja mzee, ndivyo tunavyowaita baba wa mtaa, mstaafu wa reli, mvuta tumbaku, ambaye alijua majibu yote ya Kilatini kama wengine wanavyojua majina ya vituo vya treni. Watoto wa kutumikia walikuwa wameisha. Wazazi hawakuwaachia tena watoke kabla jua halijapanda, na ilikuwa haki yao.

Papa wa reli alikuwa na binti ng'ambo ya mto. Siku moja alivuka kumwona, na nyuma yake askari wakafunga njia ya pirogue. Aliyekuwa ng'ambo akabaki ng'ambo.

Kesho yake asubuhi nilisikia ka-ka-ka, halafu kimya. Kwa kawaida baada ya ubao zilikuja sauti mbili, ya padri na ya papa wa reli, zikiingia kwetu kupitia matundu ya hewa ya ukuta. Siku hiyo hakuna. Nikazunguka kuchungulia. Padri alikuwa amesimama chini ya ngazi ya altare, amevaa yote, mikono imekutana kifuani, anangoja. Kwenye benchi alikuwa mama mmoja tu, mfanyabiashara kutoka Kivu, na rozari yake. Mama yule alijua kusali; kujibu hakujua.

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningerudi kwa mikate. Nilisema kutoka mlangoni:

"Mon père, mimi ninajua."

Akageuka. "Unajua nini?"

"Majibu. Yote. Nimelala nyuma ya ukuta huu tangu nizaliwe."

Aliniangalia muda mrefu. Nilikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko. Nilifikiri atanifukuza, sababu kwake mwanamke hakanyagi altareni, hata kufagia alifagia mwenyewe. Akasema sheria ya zamani ina mlango mdogo: mwanaume akikosekana kabisa, mwanamke anaweza kujibu, lakini kwa mbali. Asipite ule ukuta mdogo wa mbao ambapo watu wanapiga magoti kupokea komunyo. Asiguse kitu.

"Kwa mbali ni mbali ya wapi, mon père?"

"Mbali ya kusikia. Funika kichwa."

Nikafunika kichwa na kitambaa cha jikoni, nikapiga magoti nyuma ya mbao. Akaanza. Nikajibu. Majibu ya kwanza kabisa yanazungumza juu ya Mungu anayewapa vijana furaha. Hilo alinieleza baadaye, siku ile nilijua sauti tu. Tulienda vizuri mpaka ile sehemu ambapo padri anageuka, anaomba watu wasali naye, na jibu lake ni refu. Hapo nikakohoa kwanza, kwa nguvu, mara mbili, kisha nikajibu.

Baada ya misa akaniuliza: "Uko mugonjwa?"

"Hapana, mon père."

"Na ile kikohozi?"

"Si iko ndani ya sala? Papa alikuwa anaifanya kila siku."

Padri akashika ukingo wa meza. Mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka, mzee yule ambaye sikuwahi kumwona meno.

"Ile," akasema alipopata pumzi, "iko tumbaku ya reli."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Niliahidi kuiondoa. Kesho yake nilijaribu kujibu bila kukohoa, na yeye akabaki ameinua mikono, akinisubiri. Baadaye akasema: "Uirudishe. Nimeizoea, bila ile nakosa njia." Nikairudisha.

Mama hakupenda. "Mutoto mwanamuke anajibu misa? Tangu wapi? Na kama basoda na bunduki zabo banakukuta kwa njia asubuhi ile?"

"Mama, njia gani? Iko hatua kidogo tu nyuma ya jikoni."

"Hatua kidogo ndiyo inaua batu mu hii muji."

Alikuwa na haki. Lakini mchana akaanza kunifulia kitambaa kizuri, cheupe, cha kufunika kichwa. Akakiweka juu ya kitanda changu. Na kijana wa toleka, kila nikipita: "Dada, leo Mungu alikujibu na Kilatini ao na Lingala?" Nilimwambia Mungu ameuliza habari ya breki zake. Hakuwa na breki. Alisimamisha kwa ndala.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi ubao, kitambaa, majibu, halafu mikate. Unga wa ngano wa hostia ulitoka kwa yule mama wa Kivu, na divai pia, kachupa kwa kachupa, ndani ya mizigo ya ndege. Kwangu jambo gumu lilikuwa moja. Mguu wa padri ulikuwa mbovu, na katikati ya misa kitabu kikubwa lazima kihamishwe kutoka upande mmoja wa altare kwenda mwingine. Hiyo ni kazi ya anayetumikia. Mimi niliruhusiwa sauti, si mikono. Kwa hiyo alikihamisha mwenyewe, pamoja na kiegemeo chake cha mbao, akishuka ngazi na kupanda, na mimi nikimwona anatafuta ngazi kwa kidole cha mguu. Mara moja niliinuka nusu. Bila kugeuka alifungua kiganja kimoja kando ya paja: baki. Nikabaki. Nilijifunza kusaidia mtu kwa kutulia, na sijui kama nimewahi kufanya kitu kigumu kuliko hicho.

Halafu ikaja ile vita ya mabomu. Waliokuwa marafiki wakawa maadui, majeshi mawili ya wageni, na wakachagua kupigana juu ya vichwa vyetu. Sitaisimulia yote, kila mtu wa Kisangani anayo yake. Sisi tulilala chini ya kitanda kikubwa, mama, wadogo zangu na mimi, na magodoro juu. Mabomu yalipita yakilia kama kitambaa kinachopasuliwa. Tulikuwa na maji ndani ya bidoni za plastiki na mikate ya jana.

Asubuhi, mabomu yalipopumzika kidogo, tukasikia: ka-ka-ka.

Mama akafumbua macho. "Huyu muzee ana wazimu."

Mimi nilijua kilichokuwa kinatokea kama ninaona. Amevaa yote. Amesimama chini ya ngazi, mikono kifuani, chini ya paa la mabati. Hataanza bila jibu. Na hataondoka bila kuanza. Atasimama pale mpaka bomu limkute.

Nikaanza kutambaa. Mama akanishika mguu kwa mikono miwili.

"Hutoki."

"Mama, ananingoja."

"Ningoje mimi kwanza kufa, halafu utaenda."

Nikavuta, akavuta. Bomu likaanguka upande wa soko, udongo ukatumwagikia kutoka ukutani. Wadogo zangu wakapiga kelele. Na hapo, juu ya kelele zile, nikasikia sauti ya padri. Alikuwa anapiga ukelele. Mtu ambaye maisha yake yote alisoma misa kwa kunong'ona, alikuwa anaita maneno yake ya kwanza kwa nguvu za mvuvi anayeita pirogue nyingine katikati ya mto. Alikuwa ameelewa kwamba siwezi kutoka. Alikuwa anapima ile mbali ya kusikia.

Nikajibu kutoka chini ya kitanda, mdomo karibu na sakafu. Mama akaniziba kinywa kwa kiganja. Nikaona macho yake yako kwenye ukuta, anasikiliza. Kule nyuma padri alirudia maneno yale yale, kwa nguvu zaidi, maana hakunisikia. Mama akaondoa kiganja.

"Basi jibu," akasema. "Jibu vizuri, amalize, aende kujificha."

Nikajibu kwa koo lote. Tukaenda hivyo, neno kwake, neno kwangu, ukuta katikati. Bomu likija tulinyamaza wote wawili, likipita tuliokota pale tulipoachia. Ilipofika ile sehemu ya jibu refu, mimi kwa woga nikasahau, na mama ndiye aliyenigonga kwa kiwiko: "Kohoa!" Nikakohoa. Mdogo wangu wa mwisho akacheka chini ya kitanda, siku ile, mabomu yakianguka.

Kisha padri akanyamaza.

Asiyeijua misa ile lazima nimweleze. Katikati yake kuna sala ndefu ambayo padri anaisoma kimya kabisa, peke yake, na hakuna anayejibu. Siku za kawaida nilikuwa naitumia kuota ndege zangu. Sasa bomu lilianguka karibu sana, karibu mpaka kitanda kiliruka na mabati ya kapela yakalia, na baada yake ikawa kimya. Nami sikuweza kujua. Kimya cha mtu anayesali na kimya cha mtu aliyekufa, kutoka nyuma ya ukuta, ni kimya kimoja. Mama alinishika mkono. Nilihesabu maneno yake kichwani, kadiri nilivyoyajua, nikimtembeza polepole, sasa amefika hapa, sasa amepiga goti, sasa ameinua hostia. Nikafika mwisho. Hakuna kitu. Nikasema labda leo anasoma polepole. Nikaanza kumtembeza tena.

Halafu sauti yake ikatoka, imepasuka, inaita yale maneno ya kumalizia sala. Jibu lake ni Amina tu. Sijawahi kusema Amina vile. Mama alisema pia, na wadogo zangu pia, ambao hawakujua ni ya nini.

Mabomu yalipokwisha tulitoka kutazama. Paa la kapela lilikuwa na tundu ambalo mtoto angepita. Mama wa Kivu alikuwa hai. Kijana wa toleka alikuwa hai, baiskeli imekufa. Wengi wa mtaa wetu hawakuwa na bahati hiyo, na tuliwazika hapo hapo kwenye parsele zao, viwanja vya nyumba. Padri alienda nyumba kwa nyumba na maji ya baraka, sutani imekuwa nyeupe kwa vumbi.

Ila masikio yake yalibaki kwenye lile bomu. Mwanzo alificha. Ungemwambia jambo, angejibu lingine kwa heshima. Mama alimuuliza kama anataka mikate, akasema ndiyo, mto umejaa.

Misa iliendelea. Mimi nyuma ya mbao, yeye mgongo kwangu. Sikujua ni kiasi gani hasikii mpaka nilipopata homa na sauti ikanikauka kabisa. Asubuhi ile midomo tu ndiyo iliyotembea. Hakuna kitu kilichotoka, hata kikohozi. Na yeye hakutambua. Alisema lake, akaacha nafasi, nafasi ya kunitosha kabisa, na pale pa jibu refu akaacha na nafasi ya kukohoa, kisha akaendelea. Nikaelewa kwamba ilikuwa hivyo tangu mabomu. Alikuwa hanisikii. Alikuwa ananiachia muda.

Nilimwandikia swali kwa makala juu ya kipande cha kigae, maana kusema hakukusaidia: utajuaje nimejibu?

Akasoma, akafuta kwa mkono wa sutani. "Uliwahi kukosa?"

Vita ilipolegea na mto ukafunguka, papa wa reli hakurudi. Tulisikia amebaki kwa wajukuu. Miguu ya padri ilikuwa imekataa kabisa. Wakubwa wake wakaona apumzike, na ndugu zake wa Yanonge wakaja kumchukua kwa pirogue ya mota. Kapela ingekuwa chumba cha katekisimu. Padri kijana aliyeletwa kwetu alikuwa mtu mzuri, mchekaji, ngoma aliipiga mwenyewe.

Nilimfungia mzee vitu vyake. Kanzu za misa, kikombe, kitabu kikubwa. Alikuwa mtulivu mno, na mimi niliyekuwa nacheka kila siku nilishindwa. Nilijua alichokuwa anakifikiri, na yeye alijua kwamba najua. Kule Yanonge kuna wavuvi, kuna wajukuu wa dada yake, kuna samaki. Anayejua majibu hayupo hata mmoja.

Nikamwambia karibu na sikio, kwa sauti ya sokoni: "Mon père! Kule nani atajibu?"

Alikuwa anafunga kamba ya sanduku.

"Mon père! Sheria inasema kwa mbali!"

"Mbali ya kusikia," akasema. "Yanonge haisikiwi hapa."

"Na hapa ulikuwa unanisikia?"

Akaacha kamba. Akaniangalia vile alivyoniangalia siku ile ya unga kwenye kiwiko. Niliona anaipima sheria ndani ya kichwa, anaigeuza huku na huku kama mama anavyogeuza samaki sokoni kutafuta mahali palipooza. Hakuniambia ndiyo, maana hakuwa mtu wa kucheza na mambo yale. Alichukua ule ubao na nyundo yake juu ya meza, akanipa.

"Saa kumi na mbili," akasema. "Usichelewe."

Tulimsindikiza mpaka mtoni. Kijana wa toleka alimbeba kwa baiskeli mpya, kwa bure, akimwambia mon père ashike vizuri, breki zipo sasa. Padri, ambaye hakusikia neno, alimbariki kichwa. Pirogue ikaondoka upande wa chini, sutani nyeusi ikiwa imekaa wima katikati ya mabidoni. Sikusubiri ipotee. Nilikuwa na unga wa kukanda.

Kesho yake niliamka kabla ya mama. Padri kijana alikuwa ameniachia ufunguo, akisema atauchukua siku nyingine. Nikafunika kichwa na kile kitambaa cheupe, nikaingia kapela. Madhabahu ilikuwa wazi, na lile tundu la paa lilikuwa linaleta mwanga juu ya ngazi. Nilipiga ubao polepole, nisiamshe mtu. Nikapiga magoti mahali pangu, nyuma ya mbao, nikaacha nafasi ya maneno yake ya kwanza. Nikajibu. Nikaacha nafasi tena, nafasi yake ya mguu mbovu pia, nafasi ya kuhamisha kitabu na kutafuta ngazi kwa kidole. Nilikwenda naye hivyo, mpaka pale anapogeuka na kuomba watu wasali pamoja naye. Nikamngoja ageuke. Kisha nikakohoa mara mbili, kwa nguvu, na nikajibu.